Kampuni zikija kushindana kwenye reli, Kintinku atasimama nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mi ni mfanyabiashara wa mchele, natoa mzigo Bahi na Kintinku naleta soko la Majengo hapa Dodoma mjini, kwa hiyo habari za usafiri wa ukanda huu naziongea kwa mgongo unaouma.

Siku hizi stori kijiweni ni hiyo hiyo, kampuni binafsi zilete vichwa na mabehewa yao, zipite kwenye reli ya serikali zilipie tozo ya njia basi, na kila mtu anasema afadhali waje washindane huduma ipande. Ukichanganya na SGR, ile reli mpya ya treni za umeme, ndo kabisaa, maana tangu Julai 2024 mtu anatoka Dar anafika Dodoma kwa saa nne hivi, nauli ilianza 31,000 daraja la kawaida, anashuka nguo hazijajikunja. Sa watu wanaona huku kwetu kwenye reli ya zamani, hii ya mita moja aliyoijenga Mjerumani ikafika Kigoma 1914, wakija matajiri wawili watatu na sisi tutakula hivyohivyo. Mi naona tupunguze spidi kidogo.

Ushindani mbona tunao tayari, nenda barabara ya Singida ukaone. Mwezi wa nne mwaka juzi nilipanda basi hapa mjini, kampuni siitaji, konda kaniahidi mama usijali Kintinku tunasimama. Tumefika Bahi dereva kaona basi la wenzao nyuma linataka kupita, yakaanza kufukuzana, abiria wanashangilia kabisa kama wako mpirani, na mimi nagonga bodi shusha, shusha, konda ananiambia subiri mama tumpoteze huyu kwanza. Nimeshushwa Manyoni. Nimerudi juu ya lori la vitunguu, vumbi mpaka kwenye meno, na wale wenye mpunga walionisubiri walishauza kwa mtu mwingine. Lile basi lilikuwa zuri jamani, tivii, soda, siti za kulala. Walikuwa wanamgombania abiria wa Mwanza, mimi wa Kintinku nilikuwa nawachelewesha tu.

Kwenye reli itakuwa hivyohivyo, tena zaidi. Treni kusimama sio mchezo, inaanza kupunguza mwendo mbali, ikisimama inachoma mafuta mengi kuondoka tena, na pale Kigwe anapanda nani? Bibi mwenye kuku wawili na mwanafunzi mmoja. Mwenye kampuni akipiga hesabu anaipita. Halafu njia yenyewe ni moja, treni zinapishana stesheni, moja ikae pembeni ingoje nyingine ipite. Zikiwa za kampuni tatu atakayekaa pembeni ni nani? Mzigo unaoenda Kongo unalipa, bibi wa kuku halipi hivyo, jibu mnalo. Na mvua zikishuka kule Kilosa na Gulwe mto ukabeba tuta, hao washindani wote watakaa tu wanaangaliana mpaka mwenye njia aitengeneze.

Najua kuna atakayesema we mama unapenda mambo ya zamani ya shirika moja. Hapana. Shirika moja bila wa kuliuliza nalo tumelijua utamu wake, na kampuni moja ya nje kupewa kila kitu tumejaribu pia, 2007 serikali ilisaini na Wahindi mkataba wa miaka 25, haikufika hata mitano yakaisha. Ninachosema ni kwamba washindane KABLA treni haijaondoka.

Mdogo wangu yuko Ujerumani, ndo alinifungua macho. Anasema kule tangu 1996 treni za mashambani ni kazi ya mikoa yao. Mkoa unaandika kwenye karatasi, tunataka treni njia fulani, kila baada ya nusu saa au saa, isimame vituo hivi na hivi, kisha unatangaza tenda. Anayeshinda analipwa na mkoa, na akifuta safari anakatwa hela. Kuna kijireli kinaitwa Schönbuchbahn, kilomita 17 tu, kilikuwa hakibebi abiria tangu 1966, wakakifufua Desemba 1996 na kampuni binafsi ndo ikaendesha, abiria wakaja kuliko walivyotegemea. Ila na wao waliumia, kampuni ya Abellio ilikuwa imeshinda tenda nyingi kwa bei ya chini, mishahara na gharama zikapanda, 2021 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa madeni, mikoa ikahangaika kutafuta wa kuendesha treni zake. Kwa hiyo na sisi tusije tukampa tu aliyesema bei ndogo kuliko wote, huyo atakuja kutuacha stesheni usiku.

Sasa nawaomba wanaoshughulika na hili, LATRA, hao wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, na wizara, kabla hamjamruhusu mtu kupitisha behewa la abiria Dodoma mpaka Tabora, mkataba uandike stesheni kwa majina, Zuzu, Kigwe, Bahi, Kintinku, Saranda, zote, na dakika ngapi treni inasimama, maana dakika moja haimtoshi mtu mwenye magunia manne na mtoto mgongoni. Uandike choo chenye maji, taa, na behewa la mizigo midogo lenye mlango mpana (huu mlango mnausahau kila siku). Serikali ilipe pengo la zile stesheni zisizo na faida, na adhabu za kufuta safari zibandikwe ukutani pale dirisha la tiketi tuzisome wenyewe.

Na huo mkutano wa kukusanya maoni ya wadau, naomba usiwe wa hotelini hapa mjini saa tatu asubuhi. Saa hizo mi niko Bahi napima mpunga.

Mfanyabiashara wa mchele,
Majengo, Dodoma