Jicho Jekundu Si Ugonjwa Mmoja: Barua kwa Vijana Wanaoanza Kazi ya Kliniki

Wanangu,

Hamjambo. Mimi ni muuguzi mstaafu wa macho. Nikikutana na mtu aliyetoka kutibiwa jicho huwa namwomba anionyeshe alichopewa, mazoea ya kazi hayanitoki. Mara nyingi naonyeshwa kichupa kilekile cha matone. Mmoja macho yanamwasha, mwingine amechomwa na jani, wa tatu haoni vizuri kwa wiki mbili sasa, na wote wamepewa dawa moja. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Siwalaumu, kwa kuwa nami nilianza hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja kijana mwenye jicho jekundu, linatiririka machozi, mwanga hautaki. Foleni ilikuwa ndefu. Sikumpima uwezo wa kuona, nikampa matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa sababu nilijua yanaondoa wekundu upesi. Na yaliuondoa kweli. Alirudi amefurahi, akaomba kichupa cha pili, nikampa. Aliporudi mara ya tatu, konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ilikuwa na kidonda cha virusi vya herpesi, kile chenye matawi kama mti, nacho kilikuwa kimeshapanuka. Steroidi ilikuwa imevilisha virusi huku ikinificha mimi nisione. Kijana yule alibaki na kovu jeupe katikati ya jicho, na lawama ilikuwa yangu.

Tangu hapo sikuandika steroidi ya jicho bila kwanza kutia rangi ya fluoresini na kumulika kwa mwanga wa buluu. Palipochubuka hung'aa kijani. Ni kazi ya dakika moja. Kama huna rangi wala taa hiyo, basi steroidi si dawa yako ya kugawa, hata mgonjwa akikusihi.

Anzeni kwa kupima uwezo wa kuona, kila jicho peke yake, lingine limefunikwa vizuri. Wako watu wanaoishi miaka mingi na jicho moja lisiloona bila kujua, kwa kuwa la pili linalibeba. Asiyesoma ubao wa herufi ahesabu vidole, asiyeona vidole aonyeshwe mkono unaopungwa, asiyeona mkono amulikwe tochi. Andikeni kwenye kadi kabla ya neno jingine lolote. Jicho jekundu linaloona sawasawa na jicho jekundu lililopungukiwa ni habari mbili tofauti kabisa.

Kisha tazameni wekundu umekaa wapi. Ukiwa mkali upande wa kope na kupungua kuelekea sehemu nyeusi, mara nyingi ni kiwambo tu, ule utando laini unaofunika weupe wa jicho na ndani ya kope. Ukiizunguka sehemu nyeusi kama pete, tatizo liko kwenye konea au ndani ya jicho.

Maambukizi ya kiwambo ndiyo mtakayoyaona kila siku. Yakiwa ya virusi, macho hutoa majimaji na kukwaruza kama yana mchanga, huanza jicho moja na kuhamia la pili, na tezi iliyo mbele ya sikio huweza kuvimba. Antibayotiki haisaidii kitu hapo. Mgonjwa anahitaji taulo yake mwenyewe, kunawa mikono, na subira ya wiki moja au mbili. Nanyi naweni, maana nimeona ugonjwa huu ukisambazwa na mkono wa mhudumu mwenyewe. Yakiwa ya bakteria, kuna usaha, na asubuhi kope zimegandana kwa matongo. Anayesugua macho mbele yenu mpaka mkamwonea huruma, huyo fikirieni mzio kwanza. Pindueni ukope wa juu mtakuta vinundu vilivyopangana kama vijiwe.

Huko kupindua ukope watu wengi wanakuogopa bure. Ndiko trakoma inakojificha. Bakteria wake huenezwa kwa vidole, nguo na nzi, na mtoto huambukizwa tena na tena mpaka ukope unaota makovu ndani, unajikunja, na baada ya miaka kope zinageuka kukwaruza konea. Kung'oa vinyweleo hivyo humpa mgonjwa nafuu ya muda tu, maana huota tena. Anahitaji upasuaji wa ukope.

Doa la damu lililoiva kwenye weupe wa jicho, bila maumivu na bila kupungua kuona, hutisha familia nzima lakini kwa kawaida huisha lenyewe. Ulizeni kama aligongwa, mpimeni presha ya damu, mwacheni aende.

Sasa wale wa kutowaacha waende. Maumivu makali, mwanga kuuma, na doa jeupe kwenye konea: hicho ni kidonda, na kama alichomwa na mmea fikirieni fangasi. Mboni iliyosinyaa au isiyo duara, na wekundu wa pete: ni uvimbe wa ndani ya jicho. Mboni iliyopanuka kiasi na kukataa kusinyaa kwa tochi, konea yenye ukungu, jicho gumu kama jiwe chini ya kidole, mgonjwa anaona duara za rangi kuzunguka taa: presha ya jicho imepanda ghafla. Huyu wa mwisho hutapika na kuumwa kichwa, na nimeshuhudia akitibiwa tumbo huku jicho likifa. Wote watatu ni rufaa ya siku hiyohiyo.

Aliyeingiwa na kemikali haandikishwi kadi kwanza. Osheni jicho kwa maji safi mengi, si chini ya dakika 15, ukope umeinuliwa, na kama ni chokaa au saruji ongezeni muda na kutoa chembe zilizobaki. Chokaa na saruji huzama ndani kuliko asidi nyingi.

Lakini kinachonisumbua zaidi uzeeni ni macho meupe, yasiyouma. Ukimwambia mtu ana presha ya macho atakujibu presha yake ya damu iko sawa, na mazungumzo yanaishia hapo. Mwelezeni kwamba ni maji ya ndani ya jicho yasiyotoka vizuri, yanaubana mshipa wa kuonea. Aina iliyozoeleka haiumi. Inakula pembeni kwanza, ndiyo maana anajikwaa mlangoni ilhali ubao anausoma hadi mstari wa chini. Kilichopotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki, na huyatumia maisha yote. Ulizeni kuhusu mzazi na ndugu, maana hufuata ukoo, na steroidi za muda mrefu nazo huileta.

Mtoto wa jicho ni rahisi zaidi. Lenzi ya ndani ya jicho inafifia polepole, mwanga wa mbele humtia kiwi, mboni inageuka kijivu au nyeupe. Hakuna matone yanayoyeyusha ukungu ule, hata kama tangazo limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Mpelekeni kwa upasuaji. Mwenye kisukari naye achunguzwe retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Nimalizie kwa watoto. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni katika siku 28 za kwanza apelekwe mbio, maana kisonono hutoboa konea kwa muda mfupi sana. Asiyeona jioni, fikirieni upungufu wa vitamini A. Na mama akiwaonyesha picha ya simu ambamo mboni ya mwanawe inang'aa nyeupe, au akisema mtoto ameanza makengeza, msimwambie ni mwanga wa kamera. Huenda ni saratani ya retina. Andikeni rufaa, na piga simu mwenyewe hospitali anakokwenda ujue kama amefika.

Wenu,
Muuguzi mstaafu