Dawa mpya za fangasi zipimwe kwenye utando

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu habari za dawa mpya za fangasi. Kila kiambata (kemikali) kipya kinapotangazwa kuwa kimeua Candida, fangasi wanaoweza kuleta maradhi kwa binadamu, maabara, wasomaji huambiwa tiba imekaribia, ilhali swali la msingi haliulizwi: je, chembe hizo zilikuwa zikielea katika kimiminika, au zilikuwa zimeshajijengea utando, yaani tabaka la chembe zilizoshikamana juu ya kitu?

Tofauti hiyo si ndogo. Candida albicans hupenda kujishikiza kwenye katheta (mrija unaoingizwa mwilini mwa mgonjwa), vali za moyo za bandia na hata meno ya bandia. Chembe za mviringo hunata kwanza, nyingine hurefuka zikawa nyuzi, na kwa muda wa siku moja hadi mbili zote huwa zimejifunika ute wenye sukari ziitwazo glukani, ambazo huinasa dawa ya fangasi iitwayo flukonazoli kabla haijafika ilikokusudiwa. Ndiyo maana dawa iliyofaulu vizuri dhidi ya chembe zinazoelea yaweza kuhitaji kipimo kikubwa mara mia au zaidi dhidi ya utando, kipimo ambacho mgonjwa hawezi kupewa, na daktari hulazimika kuutoa mrija wenyewe akiweza. Dawa ya kaspofungini na wenzake wa kundi la dawa za fangasi liitwalo ekinokandini hufanya vizuri zaidi hapo, lakini usugu dhidi yao nao umeshajitokeza.

Kuna pia viambata ambavyo haviui, bali huzuia chembe zisinate au zisirefuke. Mfano ni fanesoli, ambayo Candida albicans huitengeneza yenyewe: ikiwapo mapema huzuia utando usijengeke, ila utando ukishakomaa nguvu yake hupungua sana. Kiambata cha namna hiyo, kikipimwa kwa kigezo cha kuua peke yake, kitatupwa, ingawa pengine kingefaa kupakwa kwenye katheta kabla haijaingizwa mwilini. Huo, kwa maoni yangu, ni upotevu.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliwaweka Candida albicans na jamaa yake Candida auris katika kundi la juu kabisa la fangasi wanaohitaji utafiti wa haraka. Basi waandishi wako wanapoletewa taarifa ya kiambata kipya, nawasihi waulize utando uliopimwa ulikuwa na umri wa saa ngapi, na kama kipimo kilichouvunja kiliziacha salama chembe za binadamu, ambazo kwa umbile hazitofautiani sana na za fangasi.

Wako,
Msomaji