Kwa vijana mnaoelekea kuoa: mtafuteni rafiki wa kumwandikia

Wajukuu zangu, salaam.

Naona kijana akipata mashaka katika uchumba, anayamwaga kwenye kundi la simu, kisha anashinda akipokea vichekesho. Mimi nawapa habari za Abraham Lincoln, zamani kabla ya kuwa rais wa Marekani, alipokuwa wakili mwenye madeni huko Springfield, Illinois.

Alihamia mji ule mwaka 1837 hana hata fedha ya kununua kitanda. Mwenye duka mmoja, Joshua Speed, akamkaribisha walale pamoja chumba cha juu ya duka, na urafiki ukaanzia hapo. Mwaka 1841 ulipoanza, uchumba wa Lincoln na Mary Todd ulivunjika, akazama katika huzuni mpaka rafiki zake wakamhofia. Speed akarudi kwao Kentucky, akachumbia binti aitwaye Fanny Henning. Haukupita muda, naye akawa anajiuliza kama kweli anampenda.

Barua alizoandikiwa na Lincoln mwanzoni mwa 1842 zipo hadi leo. Hamkuti humo maneno ya kumbembeleza. Fanny alipougua, Speed akahangaika mno, na Lincoln akamshikia hapohapo: wasiwasi huo wako ndio ushahidi kwamba unampenda, basi acha kujisumbua. Jibu kama hilo hulipati kwa watu wengi kwa mpigo. Linatoka kwa mtu mmoja anayekufahamu, aliyeketi akakusoma mpaka mwisho.

Speed alioa Februari. Siku chache baadaye Lincoln akamtumia barua mbili pamoja: moja ya siri, na nyingine ya kumwonyesha mkewe akitaka kuiona, asije akashangaa kwa nini anafichwa. Zama hizo posta ilitoza kwa kila karatasi na kwa umbali, na mara nyingi mlipaji alikuwa mpokeaji, kwa hiyo hila ile iligharimu. Hila yenyewe siipendi sana. Lakini alimfikiria mke wa mwenzake, na wengi wenu hapo hamfiki.

Tarehe 5 Oktoba 1842 Lincoln akauliza swali ambalo, kwa maneno yake, mtu mwingine angeonekana fidhuli kuliuliza: je, sasa unafurahi kuwa umeoa, kwa moyo na si kwa akili tu? Akamsihi ajibu haraka, kwa kuwa alikuwa na hamu ya kujua. Tarehe 4 Novemba akamwoa Mary Todd.

Basi mchagueni mtu mmoja, mwandikieni kwa kirefu, na akiwauliza jambo zito msikwepe. Mshenga atapeleka posa, lakini mashaka yenu si kazi yake. Nanyi mliokwisha kuoa, mwenzenu akiwauliza kama mna furaha, msimjibu kwa mzaha. Huenda siku ya harusi yake inasubiri jibu lenu.

Babu yenu