Asante mzee wa kamba ya katani, Korogwe

Jamani naomba nimshukuru mzee mmoja hata jina lake silijui. Juzi Jumamosi nimeshuka mto Pangani na wanangu, pale watu wanapochotea maji, si mnajua ule mteremko ukinyeshewa unavyoteleza kama mlenda, sasa nakuta mtu kachonga ngazi kwenye udongo, kila ngazi kaibana na viroba vya mchanga, pembeni kafunga kamba ya katani unashikilia mpaka chini, na huko chini kazungushia uzio wa magogo mamba asikufikie unapoinama! Mwaka juzi mimi niliangukia hapohapo, ndoo ikaenda na maji nikabaki na kata mkononi.

Nikamuuliza, mzee utaweka na vibanda vya soda? Akacheka, eti mwanangu sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni ziachwe, hapa ni miti na kivuli tu, watoto wacheze. Keshapanda mikuyu, kaiwekea miiba mbuzi wasile (mbuzi wa mtaa wetu tunawajua).

Shikamoo mzee wangu, asante sana. Jumamosi nakuja na jembe langu na chupa ya chai.