Zuhura, nimesaini nisichokiamini

Dubbo, Australia, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, wewe na wanao. Meseji yako ya Idi niliiona, nikasema nitajibu kesho, kesho ikawa miezi. Mama Shani kaniambia unanung'unika. Una haki.

Naandika kwa sababu ya Ijumaa. Tangu bosi aondoke nakaimu nafasi yake. Niko na wafanyakazi sita, wote Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii, isipokuwa mimi, na tunahudumia Waaborijini waliofanyiwa uhalifu: waliopigwa, waliobakwa, waliouliwa ndugu. Tunawajazia maombi ya fidia, tunawatafutia mshauri (serikali ya jimbo inalipia saa 22 za kuanzia), tunakaa nao mahakamani. Hayo unayajua. Tofauti ni kwamba hapa mteja ni jamaa wa mfanyakazi. Mchana wanalia pamoja ofisini, jioni wanakutana dukani wakinunua mkate.

Basi Ijumaa mmoja wao, wa kabila la Wawiradjuri wa hapa hapa, aliomba ruhusa ya msiba. Fomu inatambua mzazi, mume, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Marehemu ni mtoto wa dada wa mama yake. Kwao huyo ni dada yake, basi. Zuhura, mimi niliyelelewa na mama mdogo nikaandika "haikidhi vigezo", nikasaini! Akasoma, akakunja karatasi, akasema "sawa", akarudi kwenye simu kumtuliza mama mwingine. Ile "sawa" sijalala nayo.

Na marehemu alikuwa mteja wetu. Kwa mila yao jina lake sasa halitajwi mbele ya ndugu zake, na mimi nilikuwa nimeshalichapa kwenye ajenda ya Jumatatu. Hilo nimewahi kulifuta.

Miezi mingi tulimsihi aende polisi, akakataa. Bibi yake alichukuliwa na serikali akiwa mtoto, kama wengi wanaoelezwa kwenye ile ripoti ya 1997 ya watoto wa Kiaborijini waliotenganishwa na familia zao. Waziri Mkuu Rudd aliomba radhi bungeni mwaka 2008, lakini huku mama akimwita polisi bado anaogopa kwamba nyuma yake watafuata watu wa ustawi kuwabeba watoto. Na hao polisi wenyewe, nani awaamini? Tume ya serikali iliyotoa ripoti yake 1991 ilitoa mapendekezo 339 kuhusu Waaborijini wanaofia mahabusu na magerezani, na mpaka leo wanafia humo. Wewe Mwanza unaweza kumshika mtu mkono ukampeleka dawati la jinsia. Mimi nikitamka neno polisi, mtu anabeba mkoba wake.

Ila narudi kwa huyu dada yangu wa ofisini. Alimhudumia marehemu kama mteja, kamzika kama dada, halafu mimi namwambia vigezo. Kesho asubuhi naifuta ile saini na kuandika "dada" kwa mkono wangu. Wakubwa wakiuliza nitawajibu.

Jambo jingine, wanataka kunithibitisha kwenye hii nafasi. Mshahara ungemalizia nyumba ya mama Tanga, unajua. Lakini yupo kati ya hao sita anayeijua kazi hii kuliko mimi, na wazee wa hapa wanamsikiliza. Kiti ni chake. Nimeshaanza kuandika barua ya kusema hivyo, nimefika katikati, nimeiacha.

Sasa niambie. Mwaka ule ulipofiwa na yule binti wa dawatini, ulikaaje na wenzake siku ya kwanza kazini? Uliongea nao mmoja mmoja au wote pamoja? Uliwaacha walie, au uliwapa kazi? Na kumwomba radhi mtu aliye chini yako, unaanzia wapi? Nimpelekee chakula kwao, au nitaonekana nanunua msamaha? Mama nimwambieje kuhusu nyumba?

Nitumie sauti kama huna muda wa kuandika. Ila iwe kabla sijaingia ofisini, huku tuko mbele yenu kwa saa saba.

Wako,
Mwanaidi