Shoga, nimefunga waya

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Zuwena shoga yangu,

Asalaam aleikum, za Mwanza, wanao hawajambo? Usininunie, najua mwezi wa nne huu sijakujibu na voisi zako zote nimezisikiliza, ila siku hizi kuongea kwenyewe kazi. Nimefunga waya za meno. Ndio, breisi, mimi na sikoseli yangu hii, ugonjwa wa damu niliozaliwa nao.

Unakumbuka nilivokuwa nacheka nimejiziba na mtandio? Na bibi alivokuwa ananisimanga eti meno yamechomoza sababu ya kunyonya kidole, ananipaka shubiri kila usiku. Kumbe wala! Daktari kaniambia chembe nyekundu za damu za mtu mzima wa afya zinaishi kama siku 120, zetu sisi wa sikoseli hata 20 ni bahati, sasa uboho ndani ya mifupa unahangaika usiku na mchana kutengeneza nyingine, unatanuka, na mfupa wa taya la juu nao unasogea mbele na meno yanafuata. Sio kila mwenye sikoseli, ila inatokea. Shoga nilinyamaza pale kwenye kiti. Shubiri yote ile nimelamba bure.

Huyo lakini ni daktari wa pili, wa Dar. Wa kwanza nilipomtajia tu sikoseli akaweka peni chini akasema rudi ukipona. Nipone lini wakati nimezaliwa nayo? Nikatoka nacheka, nilipofika nje ndo nikalia.

Huyu wa Dar alitaka kwanza barua ya kliniki yangu ya sikoseli, akauliza mara ya mwisho nimelazwa lini, damu yangu iko ngapi, haidroksiyurea, dawa yangu ya sikoseli, nameza au naruka ruka (naruka, nikamdanganya, halafu nikaona haya nikasema ukweli). Akanieleza jino halisogei hivihivi, upande mmoja mfupa unaliwa na upande wa pili unajengwa mpya, na kazi yote hiyo inataka damu ipite vizuri, na damu yetu unaijua inavokwama kwenye mishipa. Kwa hiyo mimi nimewekewa waya laini na sikazwi haraka, wenzangu wanarudi baada ya wiki 4 mimi naenda wiki 8. Jino hakung'oa hata moja, anaogopa kidonda na infeksheni. Itachukua muda mrefu, basi, pesa yenyewe nalipa kwa mchezo, hata mimi sina haraka.

Safari ndo balaa. Unajua watu wa mabasi hawanywi maji wasije wakaomba kushuka, sasa mimi nikikauka tu nimeisha, nakunywa chupa nzima kabla ya Segera na konda ananiangalia kama nimemtukana. Halafu Dar lile joto lote mi natembea na sweta, maana chumba cha meno kina AC kali na baridi ndo adui yangu namba moja.

Sasa maumivu. Usiku wa pili taya liliuma mpaka sikioni, nikajua tayari, krisisi, yale maumivu makali ya sikoseli, imepanda mdomoni maana taya nalo ni mfupa, mama akaamsha bodaboda saa nane usiku tukaenda hospitali na kanga moja moja. Kufika, ni waya tu! Nesi alitucheka. Saivi nimeshazijua. Ya waya inauma nikiuma kitu, nikiacha inatulia, siku ya tatu ya nne imeondoka. Ya sikoseli haijali umelala umekaa, inagonga tu, inaenda mgongoni inashuka miguuni na haikwambii inaondoka lini. Yaani Zuwena tangu nizaliwe sijawahi kuwa na maumivu yenye ratiba, nayaandika kwenye kalenda kama marejesho ya kikoba! Dawa nameza panadol tu, hizi za jamii ya brufen nimekatazwa, zinachelewesha meno kusogea na figo zangu nazo sio za kuchezea.

Shangazi kasema mgonjwa mzima nahangaika na urembo. Sikumjibu, nilikuwa nimejaza bada mdomoni. Bada limeniokoa wallahi, bada na mchuzi wa papa, linateleza lenyewe. Miwa ndo basi, mahindi ya kuchoma basi, embe mbichi na pilipili naangalia wenzangu wanavokula natoka mate. Kashata niliiba moja kwenye harusi ya binamu na kidude kimoja cha kushikia waya kikabanduka hapohapo mbele ya wakwe, nikakimeza. Watoto wa mtaani wananiita Reli ya Tanga, na mmoja kaniuliza treni inapita saa ngapi.

Ila kupiga mswaki nachoka jamani, kila nikila, na kiburashi kile kidogo cha katikati ya waya, fizi zikivimba ni infeksheni na infeksheni inaita krisisi, kwa hiyo sina ujanja.

Wiki iliyopita krisisi ya kweli ilikuja, miguu, siku tatu kitandani, maji ya dripu. Meno yalikuwa yametulia kimya muda wote, hata yalinishangaza.

Ukija Idd usiniletee karanga wala dagaa wa kukaanga mkavu. Niletee sato, na miba utanitolea wewe mwenyewe.

Shoga yako,
Mwanaidi