Barua kwa mwanangu: Kuhusu ile nafasi ya ukocha

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Nairobi. Sisi hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana, anaulizia kila siku kama unakula vizuri. Ujumbe wako nimeusoma. Nimeona nikujibu kwa barua, maana jambo lenyewe ni zito na kwenye simu tungelikatiza.

Unasema chuo kimekuomba ubaki kuwa kocha msaidizi ukishahitimu, nawe unaona haya kukubali, kana kwamba utakuwa umetangaza kuwa tenisi ya kulipwa imekushinda. Mimi silioni hivyo hata kidogo. Nataka nikusimulie juu ya Bryan Shelton. Najua unamfahamu kama baba yake Ben Shelton, yule mchezaji wa tenisi wa Marekani, lakini sidhani umewahi kuitazama kazi yake mwenyewe.

Alizaliwa Huntsville, Alabama, mwaka 1965. Ni jimbo lile lile alikokwenda kusoma Angella Okutoyi wetu, pale chuo cha Auburn, baada ya kutwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili mwaka 2022. Shelton alichezea chuo cha Georgia Tech, kisha akaingia kwenye mashindano ya kulipwa. Alichukua taji la mashindano ya Newport kule Marekani, kwenye nyasi, mwaka 1991 na tena 1992. Nafasi yake ya juu kabisa duniani ilikuwa ya 55. Mwaka 1994 alilazimika kupitia mchujo ili aingie Wimbledon, na raundi ya kwanza akapangiwa Michael Stich, aliyekuwa bingwa wa pale miaka mitatu nyuma na aliyeorodheshwa wa pili kwa ubora kwenye mashindano ya mwaka ule. Alimtoa kwa seti tatu bila kupoteza hata moja, akaendelea hadi raundi ya nne.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake kubwa uwanjani. Taji la Grand Slam, yaani la yale mashindano manne makubwa ya tenisi, hakuwahi kulipata.

Mwaka 1999 alirudi Georgia Tech kuwafundisha wasichana. Mwaka 2007 walikuwa mabingwa wa vyuo vya Marekani, na chuo kile hakikuwa kimewahi kupata taji la timu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, katika mchezo wowote. Mwaka 2012 akahamia chuo cha Florida kufundisha wanaume, na mwaka 2021 nao wakawa mabingwa. Katika daraja la kwanza la vyuo hakuna kocha mwingine aliyewahi kutwaa ubingwa kwa timu ya wanawake na ya wanaume pia. Je, mtu huyo utasema tenisi ilimshinda?

Wewe unaijua mechi ya vyuo kuliko mimi. Mechi tatu za wawili wawili zinatoa pointi moja tu, halafu wachezaji sita, waliopangwa kwa ubora namba moja hadi sita, wanaingia viwanjani kwa pamoja, kila mmoja akiwania pointi moja, na timu inayofikisha pointi nne ndiyo mshindi. Kwa hiyo anayecheza namba sita, ambaye hakuna anayemtazama, pointi yake ina thamani sawasawa na ya namba moja. Kocha anatoka kiwanja hiki anakwenda kile, anasema maneno machache kati ya pointi na pointi. Nani anafaa kumsemesha mtoto wa namba sita aliyevunjika moyo kuliko mtu aliyewahi kufika Wimbledon kwa mlango wa mchujo? Kwenye fainali ya 2021 dhidi ya chuo cha Baylor, pointi ya nne ililetwa na Ben, wakati huo akiwa mwaka wa kwanza chuoni.

Lakini linalonigusa zaidi mimi kama mzazi ni la Januari 2023. Ben alikuwa anatoka nje ya Marekani kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaenda kwenye mashindano ya Australian Open na kufika robo fainali. Baba yake hakuwepo. Alikuwa Florida na timu yake, na watoto wa watu wengine waliomtegemea. Aliacha kazi Juni mwaka ule ndipo akaanza kumfundisha Ben wakati wote, na Septemba kijana akafika nusu fainali ya US Open. Mtu anayeithamini kazi yake namna ile hakuichukua kwa kukosa nyingine.

Nawe tangu ukiwa mdogo ulikuwa ukiwaonyesha wadogo zako jinsi ya kushika raketi kabla hata hujamaliza mazoezi yako mwenyewe. Nililiona hilo, na mama yako aliliona.

Basi, kabla hujatia sahihi, uliza mambo haya: kama watakulipia shahada ya uzamili, kama mshahara unatosha kodi ya nyumba, na kibali chako cha kufanya kazi baada ya masomo kitakwisha lini. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo ikueleze, usitegemee maneno ya marafiki. Ukishapata majibu nipigie Jumapili jioni ya huku, mama yako atakuwa amerudi kanisani, tusikilize pamoja.

Ni mimi baba yako akupendaye.